Katekista Aliyetugawia Safari

Neno uchumi nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa Katekista wetu wa Burumba, mtaa wa Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, na yeye mwenyewe hakujua vizuri maana yake. Alilitamka kanisani wakati wa matangazo, amesimama pembeni ya altare, mikono ameiweka mgongoni. Alisema kijana wake Pius ameitwa na chuo kikubwa cha Uingereza akasomee uchumi. Halafu akangoja, maana alijua tutauliza.

Aliyeuliza ni Mama Samaki, muuza samaki wa soko letu, ambaye hakuogopa kanisa wala polisi.

"Uchumi ni kazi gani, Katekista? Ni kama udaktari?"

"Ni elimu ya pesa."

"Ya kuzipata ama ya kuzihesabu?"

Watu wakacheka. Katekista hakucheka. "Ya kuzijua," akasema. "Zinatoka wapi, zinaenda wapi, na kwa nini hazikai."

"Kama ni hivyo, huyo mtoto angeanzia kwangu," Mama Samaki akasema, na kanisa lote likaangua kicheko mpaka Katekista akaanzisha wimbo kwa nguvu ili atunyamazishe.

Ninaandika habari zake kwa sababu ya jambo moja. Alimpeleka mtoto wake mbali kwa nguvu za watu wote, na ilipofika wakati wa kumwita arudi nyumbani, neno hilo la nyumbani lilimshinda.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwa kali. Hakuwa na mshahara wa kutajika. Padri wa misheni alifika kwetu mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote ibada ilikuwa ya Katekista, na wagonjwa walikuwa wake, na mazishi, na ugomvi wa mabwana na mabibi. Kwa chakula alitegemea shamba lake lililokuwa nyuma ya kanisa, likiteremka kuelekea upande wa mpaka. Lilikuwa na maharagwe, mihogo na migomba, na mahali pa kufungia ng'ombe. Kaburi la mkewe lilikuwa kando ya migomba.

Watoto tulimkimbia. Badala ya kukusalimu alikuuliza swali la katekisimu, hapo hapo njiani, hata kama umebeba maji kichwani. Mimi nilikuwa mtu wa aibu, nikimwona kwa mbali naingia kwenye mahindi. Siku alizonipata alisimama akaningoja. Wengine aliwapa muda wa kumeza mate tu, kisha akawajibia mwenyewe kwa hasira. Mimi alinisubiri mpaka ng'ombe wa watu wakapita na vumbi lao likatulia, na nilipojibu kwa sauti ndogo alisema, "Haya, nenda," akaendelea na safari yake.

Kuhusu ukweli alikuwa mkali kupita kiasi. Sokoni kwetu mahindi hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia, na wenye ujanja huligonga kitako kiingie ndani ili likijaa liwe halijajaa. Katekista alipita sokoni na fimbo yake. Aliomba kopo la mwuzaji kwa adabu, "Mama, niazime kidogo," kisha akaingiza fimbo ndani na kugonga kitako mpaka kirudi chini. Akalirudisha na kushukuru. Wanawake walimtukana akishaenda, lakini hakuna aliyewahi kumnyima kopo. Mara moja alimgongea hata mfadhili mkubwa wa kanisa, mwanamke aliyekuwa ametoa mabati ya paa. Mwaka uliofuata hakutoa kitu, na Katekista hakuonekana kujali.

Basi huyo ndiye aliyekuja kusema uongo mbele ya altare, Jumapili baada ya Jumapili, kwa miaka.

Nianze na harambee. Pius alikuwa na akili ambayo haikuwa na ubishi. Padri ndiye aliyemwandikia maombi, na chuo kikakubali kubeba sehemu ya karo. Sehemu iliyobaki, pamoja na chumba na chakula, ilikuwa ya mzazi, na ililipwa kwa pauni. Tulikutana uwanja wa shule ya msingi, mwaka nilipomaliza darasa la nane. Jogoo mmoja aliuzwa na kuuzwa tena, kila aliyemnunua akimrudisha mezani kama desturi ilivyo, mpaka ndege wa watu akalegea shingo. Vijana wanaobadilisha pesa pale mpakani walikuja na mabunda yao. Wao walikuwa wamejielezea uchumi kwa njia yao: mtu akiusomea Uingereza, akirudi anawekwa benki kuu na sahihi yake inachapwa kwenye noti. Tena atakuwa anajua mapema siku ambayo shilingi itaanguka, na kwa kuwa ni mtoto wa Burumba hawezi kuwaficha watu wake. Walichanga kwa imani hiyo, wakawapita wote.

Nyanya yangu, kukhu kwa lugha yetu, ambaye ndiye aliyenilea, alikuja akivuta mtamba mwekundu. Mtaa mzima ulijua mtamba huyo ni wa karo yangu ya fomu wani, mwaka wa kwanza wa sekondari. Katekista alishuka kutoka meza ya wageni akamzuia kabla hajafika.

"Mama, huyu si wa kijana wako?"

"Ni wangu."

"Kijana ataenda shule na nini?"

"Atangoja. Wako akifika, wangu atapata mtu wa kumshika mkono. Ama hamtamshika?"

Katekista alinitazama mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma ya watu. "Tutamshika," akasema. "Mbele ya watu wote hawa."

Mtamba akafungwa kwenye nguzo ya goli, akauzwa.

Jumapili iliyofuata alifanya jambo ambalo sijaona likifanywa na mtu mwingine. Alitugawia ile safari. Alisema hataki kutoa shukrani ya jumla, kwa sababu shukrani ya jumla haimfikii mtu yeyote. "Akina mama wa samaki, ninyi mmemvika Pius koti, kwa maana huko kuna baridi. Vijana wa pesa, ninyi mmemnunulia begi. Watu wa baiskeli, viatu ni vyenu." Alipofika kwa Nyanya alisema, "Mama, wewe umemlipia ndege."

Kuanzia siku hiyo Pius akawa mali yetu kwa vipande. Katekista hakuweza kupita sokoni bila kuitwa.

"Katekista! Koti langu liko aje?"

"Bado linamkaa vizuri, mama."

"Mwambie asilivae akipika! Harufu ya vitunguu haitoki."

"Nitamwambia."

Na vijana wa pesa: "Mzee, begi letu bado lina zipu?" Na Nyanya, kila ndege ilipopita juu ya Burumba aliacha jembe akaitazama mpaka ipotee. "Yangu ilikuwa kubwa kuliko hiyo," alisema.

Nilianza kazi ya bodaboda mwaka uliofuata, nikipakia watu kwenye baiskeli kati ya mtaa na mpaka. Katekista alikuwa mteja wangu. Alikaa nyuma kofia imewekwa mapajani, akinieleza Pius anasoma nini, na mimi sikuelewa, na nadhani yeye pia hakuelewa, ila maneno yenyewe yalimpendeza. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alitoa ripoti kanisani: Pius ameona theluji, Pius amefaulu, Pius amefundishwa na mtu ambaye huwa anaitwa na serikali kutoa mawaidha. Tulipiga makofi.

Halafu shilingi ikaanguka. Watu wa umri wangu wanaukumbuka mwaka huo kwa bei ya sukari. Katekista aliujua kwa pauni. Nilimpeleka mpakani kwa vijana wa pesa, akasimama kwenye vumbi akiwasikiliza, akiinamisha sikio la kulia kwa kuwa la kushoto lilikuwa limekufa.

"Chuo kimepandisha karo?" akawauliza.

"Hapana, sebo," alijibu mmoja wao, mtu wa upande wa Uganda, akimwita bwana kwa lugha ya kwao. "Karo ni ile ile. Ni sisi tumepungua."

"Tumepunguaje na mimi sijafanya kitu?"

"Hata sisi hatujafanya kitu." Kisha yule kijana akacheka vibaya. "Na mtu wetu mbona hakutuambia? Si ndiyo anasomea hiyo?"

"Yuko mwaka wa pili," Katekista akasema. "Labda hilo liko mwaka wa tatu."

Hakuwa anatania.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kuhubiri dhidi ya kuuza ardhi. Alikataa kubariki nyumba ya kijana mmoja aliyeuza shamba la babake akajenga kwa mawe. Alisimama nje ya mlango na maji ya baraka mkononi, akasema atabariki watoto lakini si ukuta. Mwaka ule akauza. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mahindi kutoka ng'ambo ya mpaka, ambaye sote tulimwita Boss. Kwanza sehemu ya maharagwe, halafu ya mihogo. Kila baada ya muhula stoo mpya ya mabati ilisimama nyuma ya kanisa, na malori yakaanza kugeuzia mahali tulipokuwa tukifundishwa katekisimu. Watu walisema migomba ililiwa na karo ya muhula fulani, nao walisema kweli.

Kipande cha mwisho kilikuwa na nyumba na kaburi. Boss aliahidi kuliacha kaburi, na aliliacha. Alijenga stoo upande huu na stoo upande ule, kaburi likabaki kwenye kichochoro ambamo maji ya paa humwagika. Mwishoni alijenga vyumba vya kupangisha, na Katekista akaingia kimoja, karibu na pale alipokuwa akifungia ng'ombe. Hakulalamika. Alimwita Boss "jirani yangu".

Kabla hajauza kipande hicho alijaribu njia nyingine. Tulikwenda Malaba, mji mwingine wa mpakani, kwa lori la mahindi, kwa binti yake mkubwa, aliyekuwa na kioski cha chai karibu na foleni ya malori yanayongoja forodha. Dada huyo alikuwa akimimina chai kwa madereva, akamwona babake, hakuacha kumimina.

"Baba, umekuja kunisalimia ama kuna karo?"

"Nimekuja kukuona."

"Basi kaa unywe chai." Alimwekea kikombe na mandazi. Dereva mmoja akataka kujua mzee ni nani. "Ni babangu," akasema. "Ana mtoto Uingereza."

"Ah, basi mzee ni tajiri!" dereva akasema. "Chai ni yako leo, mzee, tulipie!"

Madereva walicheka. Dada hakucheka. Walipoondoka alikaa mbele ya babake, akapangusa meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Baba, mimi ndiyo nilikuwa karo ya kwanza. Ng'ombe wa mahari walioletwa kwa ajili yangu, Pius aliwamaliza akiwa sekondari. Sikukataa. Hata darasa nililiacha, sikukataa. Lakini siwezi kuwa karo mara mbili."

Katekista alikunywa chai yake mpaka mwisho. "Umesema kweli," akasema. Ndivyo alivyokuwa: ukimwambia ukweli, hata ukimkata, alikushukuru. Tulipokuwa tunapanda lori, dada alinifuata akaniwekea mkononi kitambaa kilichofungwa fundo. "Mpe mkifika. Usimpe hapa." Sijui alikuwa ameweka nini kwenye kitambaa kile, lakini hakikutosha kuokoa kipande cha mwisho.

Simu ya kwanza ninayotaka kuitaja ilikuwa baada ya hapo. Pius alikuwa amekaa kimya muda mrefu. Katekista alinipeleka ndani ya kibanda cha simu cha posta kwa sababu hata sikio la kulia lilikuwa limeanza kumsaliti. Alishika mkono wa simu katikati yetu, vichwa vimegusana, ili nimrudie maneno yakimpita. Karani aliunganisha. Sauti ya Pius ilikuja kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Baba, walinitoa."

"Wamekutoa wapi?"

"Chuoni. Pesa ya mwisho ilifika imechelewa, tena haikukamilika. Walinifungia mtihani. Muda mrefu umepita, nilishindwa kukwambia."

"Sasa unafanya nini?"

"Nasafisha maofisi."

Katekista alinitazama, nikarudia polepole, "Anasafisha maofisi." Alikuwa amesikia. Alitaka tu kuhakikisha kwamba na mimi nimesikia.

"Koti unalo?" akauliza.

"Ninalo, Baba."

"Basi vizuri."

Nilimpakia nikiogopa kwamba ataanguka. Njiani alisema mara moja tu, nyuma ya mgongo wangu: "Kuna mama alitoa samaki wake wa wiki nzima. Utamwambiaje? Na nyanya yako." Jina langu hakulitaja, wala fomu wani yangu, lakini nilisikia aliposhindwa kuitaja.

Jumapili ya kwanza ya mwezi akasimama mahali pake. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nikatazama sakafu. "Pius amemaliza," akasema.

Sijui nitaelezaje kelele zilizofuata. Akina mama walipiga vigelegele mpaka watoto wakalia. Wiki hiyo watu walichinja mbuzi, wakala mbele ya kanisa, na kila mtu akadai nyama ya sehemu yake: wenye koti, wenye begi, wenye viatu. Nyanya aliletewa mguu mzima. Katekista hakula. Alisema amefunga.

Kuanzia hapo kuna jambo ambalo watu wachache waliliona. Fundisho la amri ya nane, ile inayokataza kusema uongo, hakulifundisha tena. Likifika zamu alimwachia msaidizi wake na kwenda kutembelea wagonjwa. Sokoni aliacha kuazima makopo. Alipita na fimbo yake akiitumia kutembelea tu, na wauzaji wenye makopo yaliyobonyea walimsalimu bila hofu.

Jambo jingine ni langu. Ahadi ya kunishika mkono hakuweza kuitimiza, lakini hakuisahau. Jioni nyingi, nikishamaliza kazi, aliniita chumbani kwake akanisomesha alichojua: insha, hesabu za sehemu, Kiswahili cha vitabu vya kanisa. Aliniletea magazeti ya zamani ya Padri. Akinikuta nimekosea hakunikemea. Alinisubiri, kama zamani njiani.

Simu ya pili ilikuja karibu mwaka mmoja baadaye. Tulikuwa kibandani vile vile, kichwa kwa kichwa.

"Baba, nimechoka huku. Nataka kurudi nyumbani."

Nilimwona Katekista akifumba macho. "Utarudi na nini?"

"Na mimi mwenyewe."

"Pius, huku watu wanajua umemaliza."

"Nani aliwaambia nimemaliza?"

"Mimi."

Pius akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyegonga kidole. "Sasa nikija?"

"Watakupokea kwa vigelegele, na kesho yake watakuuliza kazi yako iko benki gani. Kaa kidogo. Fanya fanya upate hata cheti chochote, halafu uje."

"Nakaa mpaka lini?"

"Kidogo tu."

"Sawa, Baba."

Katekista alitoka kibandani akashikilia ukuta wa posta. Kwa watu alisema wazungu wamempa Pius kazi na wanamng'ang'ania. "Wakiona mtu mzuri hawamwachi," alisema, na Mama Samaki akaitikia, "Wezi hao! Mtoto ni wetu, na koti ni langu."

Siri hiyo niliibeba nikidhani tuko wawili tu duniani tunaoijua. Ilinikaa vibaya. Kila Nyanya alipotazama ndege niliinuka nikaenda nje.

Katekista akaanza kukohoa. Vumbi la mahindi kutoka stoo za Boss liliingia chumbani mwake hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kanisa likamtafutia mtu wa kumsaidia kazi, ingawa ripoti ya Pius aliendelea kuitoa yeye mwenyewe, akishikilia benchi la mbele. Siku moja Nyanya alikuwa anapepeta mtama, akaniambia bila kuinua macho:

"Yule mzee anakufa. Mtoto aitwe."

"Anafanya kazi huko, kukhu. Hawamwachi."

"Na wewe pia umeanza?" Akaweka ungo chini. "Sista wa misheni alimkuta huko Uingereza akifagia. Zamani, kama mwaka mmoja baada ya ile nyama ya mbuzi. Alimwambia Mama Samaki, na Mama Samaki ni soko, unamjua. Hakuna asiyejua."

Nikauliza, "Sasa mbona mnapiga makofi?"

"Ulitaka tupige nini?"

Akaendelea kupepeta. Halafu akasema, "Nenda umwambie wewe. Mimi nikienda atadhani nimekuja kudai ng'ombe."

Nilikwenda asubuhi. Nilimkuta ameketi kitandani, shati limefungwa mpaka shingoni. Nje, wapagazi wa Boss walikuwa wanapakia lori, wakiitana na kutaniana kuhusu mmoja wao aliyekuwa ameoa. Nilisimama mlangoni. Sikujua pa kuanzia, naye hakunisaidia. Alinisubiri.

"Nyanya amenituma."

"Mzima?"

"Mzima. Anasema umwite Pius."

"Pius yuko kazini."

"Katekista, watu wanajua."

"Wanajua nini?"

"Kwamba hakumaliza. Wote wanajua."

Alinyoosha kidole taratibu kuelekea soko. "Hata yule mama? Jumapili aliniuliza habari ya koti."

"Hata yeye."

"Tangu lini?"

"Muda mrefu. Karibu na ile simu ya pili, nadhani."

Nilitarajia atalia au atakasirika. Alikaa, mikono juu ya magoti, akisikiliza wapagazi. Midomo yake ilikuwa inafanya hesabu fulani. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi angerudi. Alipoomba, angerudi tu."

Akanyoosha mkono akachukua kofia.

"Nipeleke posta," akasema.

Nilimfunga na mimi kiunoni kwa shuka yake akae imara kwenye baiskeli, nikakanyaga polepole. Watu walisalimia njiani, naye aliinua kofia. Mama mmoja akaita, "Katekista, umepona! Pius anasemaje?" Akajibu, "Ninaenda kumuuliza," na hiyo ilikuwa kweli.

Karani alikuwa mpya, hakutujua. Alituonya kuhusu dakika, akatuunganisha. Kibandani Katekista alishika mkono wa simu, na sasa sikio la kulia pia halikuwa na faida, kwa hiyo aliniachia nisikilize, yeye akaweka mdomo tu. Simu iliita sana. Pius alipopokea sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa. Ilikuwa imekuwa nzito, ya mtu mzima.

"Pius. Rudi."

"Baba?"

"Rudi nyumbani. Watu walijua siku nyingi. Hawana neno na wewe. Hata kwa miguu mitupu, rudi."

Nilimsikia Pius akipumua. Nyuma yake kulikuwa na mtoto mchanga, au paka, sikuweza kutofautisha.

"Nirudi wapi, Baba?"

Nikarudia neno kwa neno karibu na sikio la Katekista. "Anauliza arudi wapi."

"Nyumbani!"

"Nyumbani ni wapi?" Pius akasema. Hakusema kwa ukali. "Dada aliniambia. Unalipa kodi kwa Boss. Hata Mama yuko kati ya stoo. Nikishuka pale Busia na begi langu, niende wapi?"

Nilirudia na hayo pia. Sikupunguza kitu. Karani aligonga kioo kwa kalamu kutuonyesha kwamba muda unakwisha. Katekista akanigeukia. Nilikuwa nimeona macho yale mara nyingi, lakini siku zote yeye ndiye aliyekuwa na swali na jibu pamoja. Safari hii alikuwa na swali tu.

"Mwambie aje kwetu," nikasema.

"Nini?"

"Kwetu!" Nilisema kwa nguvu mpaka karani akainua kichwa. "Kwa Nyanya. Kuna chumba cha nje, nitakipiga udongo. Aje kwetu."

Akaelewa. Akashika mkono wa simu kwa mikono miwili, akaanza kuongea kwa utulivu, kwa ile sauti yake ya kufundisha. Alimwambia Pius akishuka stendi asiingie upande wa stoo, ashike njia ya kisima, apite nyumba ya fundi wa baiskeli, ataona boma lenye mti wa mparachichi. Hapo Nyanya atampokea. Akamwambia asiogope mbwa, anabweka tu. Akaanza tena kutoka stendi, polepole zaidi, ili mtoto asipotee.

Mimi ndiye niliyekuwa na sikio kwenye simu. Ilikuwa imekatika kabla hajafika kwenye kisima mara ya kwanza. Sikumwambia. Niliendelea kuishikilia, nikamwacha amalize kumwelekeza.